Kiwanja cha hati, cha urasimishaji au shamba la kijijini: kipi kitakufikisha kwenye kibali cha kujenga, Mtwara na Lindi?

Msimu wa korosho ukifunguka na hela za minada ya mwanzo zikaingia, simu yangu huanza kuita. Mpigaji anaweza kuwa binamu, jirani wa zamani au mwalimu aliyehamishiwa Ruangwa, na swali huwa lilelile: "Mjomba, nimepata kiwanja, nichoreshe ramani ya vyumba vingapi?" Namjibu kwa swali: "Kina karatasi gani?" Hapo ndipo kimya kinapoingia.

Ramani ni jambo la tatu au la nne. Kibali cha ujenzi hutolewa juu ya kipande cha ardhi ambacho halmashauri inakitambua. Kipande kikiwa hakitambuliki, mchoro wako utakaa mezani kwa mhandisi mpaka karatasi igeuke rangi. Kwa hiyo unapochagua kiwanja unachagua pia njia ya kibali, na kwa huku kwetu njia ni tatu: kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa, kiwanja cha mtaa ulio kwenye urasimishaji (mtaa uliojengwa kwanza, sasa unapangwa na kupimwa ili watu wamilikishwe), na shamba la kijijini, ambalo kwa kawaida lina mikorosho ndani yake. Nimejenga kwenye cha pili, nimemsimamia dada yangu kwenye cha kwanza, na cha tatu nimekikimbia mara moja. Nitaeleza kwa nini, na pia kwa nini si kila mtu anapaswa kukikimbia.

Kilichopimwa: ghali mkononi, rahisi kaunta

Hiki kimeshapita mikononi mwa afisa mipango miji na mpima ardhi. Kina namba ya kiwanja, kina kitalu, kina bikoni (alama za mipaka) ardhini. Mmiliki ana barua ya toleo (barua ya kupewa kiwanja kabla ya hati) au hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani utavikuta zaidi huko mji unakokua, upande wa Mitengo iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na kwa Lindi watu wengi wanatazama upande wa Mitwero.

Kuomba kibali kwa kiwanja cha namna hii ni kazi ya kukusanya tu: nakala ya hati au toleo, kitambulisho, risiti ya kodi ya pango la ardhi isiyo na deni, ramani ya nyumba inayoonyesha pia jinsi nyumba inavyokaa ndani ya kiwanja, na michoro ya nondo na nguzo kama unapanda ghorofa. Siku hizi maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri), ukalipa kwa namba ya malipo unayopewa. Kisha faili huzunguka: mipango miji huangalia kama umeheshimu matumizi ya kiwanja na nafasi za kuacha pembeni, ardhi huangalia umiliki na madeni, mhandisi huangalia kama jengo litasimama, afya huangalia choo na karo viko wapi. Ada hupangwa na sheria ndogo za kila halmashauri, basi usichukue ya Masasi ukaipeleka Kilwa Masoko.

Ugumu wake ni bei, na masharti yanayokuja na hati. Sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36 watu huliona dogo mpaka barua ya onyo ifike. Kodi ya pango nayo inadaiwa kila mwaka hata kama pale pana mbigili tupu. Na kama kiwanja kimeandikwa makazi, zile fremu mbili za maduka unazotaka kuziweka mbele zinahitaji ombi lake la kubadilisha matumizi. Huko ndiko kibali cha dada yangu kilikokwama. Nyumba ilikuwa sawa, fremu ndizo zilizomponza. Alizifuta kwenye mchoro, akapata kibali.

Kabla ya kulipa fanya sachi (kukagua kumbukumbu za umiliki) kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo mtu wa Lindi hana tena sababu ya kulala Mtwara kwa ajili ya hati. Halafu mlipe mpima akuonyeshe bikoni kwa kifaa, usikubali kuonyeshwa kwa kidole na dalali. Nimewahi kuona msingi wa mtu umekaa nusu kwake na nusu kwa jirani, na wote wawili wana hati halali.

Cha urasimishaji: nusu njia, na nusu iliyobaki ndiyo ndefu

Mitaa ambayo watu walijenga kabla ya ramani ya mji kufika huingizwa kwenye urasimishaji. Mtaa unaunda kamati yake, wamiliki wanatambuliwa, njia zinaachwa, unachorwa mchoro wa mipango miji (wenyewe wanauita TP), mchoro ukiidhinishwa ndipo unakuja upimaji, kisha umilikishaji. Wizara ya Ardhi iliwahi kuweka kikomo cha mchango wa shilingi 150,000 kwa kiwanja pale kampuni binafsi inapofanya kazi hiyo, baada ya malalamiko kwamba watu walikuwa wakitozwa hadi 250,000.

Mimi nililipa. Mtaa mzima tulilipa, kwa mafungu, wengine wakiuza mbuzi. Kampuni iliyochukua kazi ilituwekea bikoni za zege, ikapiga picha na kamati, ikatoweka kwa miaka miwili. Mchoro ulikuwa umeidhinishwa ila upimaji haukuwa umesajiliwa, na tofauti ya hayo mawili hakuna aliyetueleza. Niliigundua dirishani, siku nilipopeleka maombi ya kibali nikiwa na ramani safi ya vyumba vitatu. Kijana wa masijala akaniuliza namba ya kiwanja. Nikamwonyesha ile iliyoandikwa kwa rangi kwenye bikoni. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Hiyo ni ya kampuni, baba. Yetu bado."

Ukipata kiwanja cha mtaa wa urasimishaji, basi, usiulize "kimepimwa?" Kila muuzaji atakwambia kimepimwa. Uliza maswali mawili kwa afisa mipango miji na kwa mpima wa halmashauri: mchoro wa eneo hili umeidhinishwa? Ramani ya upimaji imeshasajiliwa? Ukijibiwa ndiyo kwa yote mawili, kinachobaki ni kulipia umilikishaji, na hapo bei ya kiwanja inaanza kuwa na maana. Ukijibiwa ndiyo kwa la kwanza tu, jua unanunua kusubiri. Halmashauri nyingine hupokea maombi ya kibali mara upimaji ukikamilika hata kama hati haijachapwa, nyingine hungoja hati. Uliza yako, na mwombe aliyekujibu akutajie cheo chake.

Jambo jingine la mitaa hii ni ukubwa. Viwanja ni vidogo na havina umbo, kwa sababu vilifuata nyumba zilizokuwepo. Ramani uliyoipenda kwenye simu, yenye varanda pande zote, itakula nafasi unayotakiwa kuiacha kwa jirani. Mimi ilibidi nipunguze sebule na kugeuza mlango wa jikoni, na shimo la kunyonya maji nikalisogeza mara mbili kwa sababu afisa afya alilikuta karibu mno na kisima cha jirani. Alikuwa na haki. Kisima kile ndicho tulichokunywa wakati maji ya bomba yalipokuwa ya mgawo.

Mazuri yake? Uko mjini. Shule iko pale, umeme uko kwenye nguzo, bodaboda wanakujua. Na jirani ameshaishi hapo miaka 20, kwa hiyo kama muuzaji ni tapeli utaambiwa kabla hujamaliza chai.

Shamba la kijijini: bei ya kutamanisha, karatasi ya aina nyingine

Sheria ni nyingine huku. Mjini kunatawala Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kijijini ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Msimamizi wa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Ukiwa mgeni wa kijiji unaandika maombi, halmashauri inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 90. Ukikubaliwa na kijiji kikiwa kimejipanga, unapata hatimiliki ya kimila, inayosainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na kusajiliwa na afisa ardhi wa wilaya. Inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, jambo ambalo ile ya miaka 99 haina.

Kibali cha ujenzi kama kile cha manispaa, kwa nyumba ya kawaida ya kuishi kwenye kijiji kilicho nje ya eneo la mipango miji, hutakisumbukia. Kinachohitajika ni idhini ya kijiji. Umeme wa vijijini kuunganishwa ni shilingi 27,000, wakati mjini huanzia shilingi 320,960. Ndiyo maana watumishi wengi wa Tandahimba, Newala na Nachingwea hujenga kijijini wakastarehe, na sina la kuwalaumu.

Tatizo linaanza kwenye neno "kununua". Sisi Wamakonde, na jirani zetu Wamwera na Wamakua, tangu zamani tumefuata ukoo wa mama. Shamba analolima mzee linaweza kuwa la ukoo wa mkewe, au la mama yake, na mwenye neno la mwisho ni mjomba ambaye wewe hujamwona. Mzee hakudanganyi anapokwambia "hili langu". Ni lake kulima. Halafu kuna mikorosho. Huku mikorosho hukodishwa, huwekwa rehani na huuzwa mazao yake kabla hayajaiva, bila ardhi kutikisika. Nimesoma mkataba mmoja wa kurasa mbili, wenye muhuri wa wakili wa mjini, unaosema mnunuzi amenunua "shamba la mikorosho 40". Je, amenunua miti au ardhi? Wakili hakuandika. Baada ya mavuno wajomba walikuja, wakakubali kwamba miti ni yake.

Biashara ya namna hiyo ndiyo niliyoikimbia. Nilikuwa nimeshatoa hela ya kishika mkono, nikasema ikae huko.

Ukitaka kuifanya vizuri, fanya hivi, hata kama itakuchosha: kaeni kikao shambani kwenyewe, mke wa muuzaji awepo, mjomba au mkubwa wa ukoo awepo, majirani wa pande zote nne wawepo. Tembeeni mipaka. Andikeni ardhi na miti kila kimoja kwa sentensi yake. Ndipo mpeleke kwenye Halmashauri ya Kijiji, na uamuzi uingie kwenye muhtasari wa kikao, upewe nakala yenye muhuri. Saini ya mwenyekiti peke yake, aliyoiweka jioni barazani kwake, haikupi kitu. Na akikwambia kuna asilimia 10 ya kijiji au ya mtaa, mwambie kwa heshima zote kwamba utalipa ukipewa risiti ya halmashauri. Mara nyingi asilimia hupotea papo hapo.

Jambo la mwisho la kijijini linaumiza taratibu. Mji unakufuata. Waziri anaweza kutangaza eneo kuwa la mipango miji, na siku hiyo shamba lako la Naliendele ya mbele zaidi au la nyuma ya Mingoyo linaingia kwenye ramani ambayo hukuichora. Barabara ya mita 12 inaweza kupita kwenye banda lako la kuku. Kuanzia hapo nyongeza yoyote ya nyumba inataka kibali. Kata za pembezoni za manispaa zetu mbili zina sura ya kijiji kabisa, minazi na mihogo, ila kiofisi ni mtaa. Kabla hujaamini kwamba uko kijijini, angalia muhuri: unasema "Serikali ya Kijiji" au "Serikali ya Mtaa"?

Kwa kuviweka pamoja

| | Kilichopimwa | Urasimishaji | Shamba la kijiji |
|---|---|---|---|
| Bei ya kununua | juu | kati | chini |
| Karatasi ya mwisho | hati miliki, miaka 33, 66 au 99 | hati hiyohiyo, ikifika | hatimiliki ya kimila |
| Kibali cha ujenzi | lazima, na kinapatikana | lazima, hutegemea upimaji umefika wapi | idhini ya kijiji, mpaka mji ufike |
| Anayeweza kukuzuia | mhandisi, mipango miji | upimaji usiosajiliwa | ukoo |
| Mkopo wa benki | hati inakubalika | baada ya hati | benki nyingi husita |

Safu ya mkopo isomwe kwa makini na wenye mshahara. Wengi wetu tunajenga kwa kuunga: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia. Katikati ya safari ndipo mkopo unapotamanika, na hapo hati ya mjini ina nguvu kuliko ile ya kimila hata kama zote ni halali.

Vinavyokukamata popote ulipo

Viwanja vya kuona bahari, vya Shangani, Mitwero au Kilwa Masoko, vina sheria yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima mwenyewe kwa kamba kabla ya kupenda machweo.

Barabarani, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima toka katikati. Wale waliokuwepo ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza ndio hupigwa X ya kijani na kufidiwa, waliojibana ndani zaidi hupata X nyekundu na kuvunja wenyewe. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, inawekwa lami kwa vipande, na madalali wanauza "kiwanja cha lami" kwa kasi ileile. Vivyo hivyo na bomba la gesi litokalo Madimba kwenda Dar es Salaam kupitia Lindi na Kilwa: njia yake ina alama, usimwamini anayesema "liko chini sana, halikusumbui". Na ukipata gofu la mawe pale Mikindani au Kilwa Kivinje, wapigie watu wa Mambo ya Kale kabla ya kumwita fundi.

Halafu kuna maji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliposukuma mvua upande huu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Wazee wa Lindi bado wanasimulia kile cha Aprili 1952 kilichoharibu mji wao. Mjini, afisa anayekagua mchoro wako atakuuliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Usumbufu wote wa kibali, mimi ningeulipia kwa swali hilo moja. Kijijini hakuna wa kukuuliza, kwa hiyo muulize bibi anayekaa jirani mahali bonde linapopita masika.

Ningekuwa wewe

Ukiwa na mshahara na unategemea mkopo, punguza ukubwa wa nyumba ununue kilichopimwa. Vyumba viwili kwenye kiwanja chenye hati huongezwa baadaye. Ukiwa na hela ya mara moja, ya korosho au ya kiinua mgongo, na unataka kuhamia mwaka huu ukae mjini, tafuta cha urasimishaji ambacho upimaji wake umesajiliwa. Vipo, na wauzaji wake wengi hawajui thamani ya hilo neno "umesajiliwa". Shamba la kijiji ningemshauri mtu wa kijiji hicho, au aliyeoa pale na kukubalika na wajomba, au yule anayetaka kulima kwanza na kujenga baadaye. Mgeni anayetaka nyumba tu, bila shamba, atakuwa analipa bei ya chini kwa wasiwasi wa juu.

Na kwa yeyote, hesabu miezi. Kusini tuna masika moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hiyo ndiyo miezi ya sachi, mpima, mchoraji na foleni ya halmashauri, maana hakuna fundi wa maana atakayekuchimbia msingi matope yakimfika magotini. Peleka faili Januari. Likirudi na marekebisho Machi, unayo nafasi ya kurekebisha. Juni ardhi ikikauka, mwite fundi, na kibali kiwe kimebandikwa kwenye mbao ya uzio, kwenye mfuko wa plastiki, mahali ambapo mtendaji wa kata anaweza kukisoma bila kushuka kwenye pikipiki.